Jinsi ya Kuandaa Mlo wa Krismasi wa Watu 10 Bila Kuumiza Mfuko Wala Afya

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, fedha ya Krismasi huishia kwenye vitu vitatu: nyama, mafuta na soda. Vitu hivyohivyo ndivyo ambavyo mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu huambiwa na daktari avipunguze. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja, kwamba anayepima nyama na mafuta bila kuviondoa mezani, na kuweka juisi mahali pa soda, anaokoa fedha na afya kwa mkupuo mmoja, na hakuna mgeni atakayehisi kuwa amenyimwa sikukuu. Harufu inayomjulisha jirani kwamba leo kwako kuna pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa kikawa cha kahawia na kwenye bizari iliyotwangwa siku hiyohiyo. Mafuta yanachangia kidogo sana.

Nimechukua mfano wa familia ya watu 10, yaani watu wazima 7 na watoto 3, wanaokaa kula saa 1 usiku. Najua kwamba wengi hula mlo mkuu mchana, mara watu wanapotoka kanisani, na anayependa hivyo ataurudisha tu mpango huu nyuma kwa saa chache. Mimi huchagua jioni kwa sababu joto la Desemba la Dar es Salaam halimfai mtu kukaa mbele ya jiko la mkaa saa 6 mchana, na kwa sababu ndugu wenye zamu za asubuhi, wakiwamo wauguzi, walinzi na madereva wa daladala, wanakuwa wamekwisha kurudi.

Mlo wenyewe ni pilau ya kuku, maharage ya nazi, mchicha wa karanga, kachumbari, matunda na juisi ya ukwaju. Sitataja bei, kwa kuwa bei ya soko la Mabibo si ile ya duka la Masaki, na hata sokoni bei ya tarehe 10 si ya tarehe 24. Nitataja vipimo, ambavyo havibadiliki.

Hatua ya 1: Andika mahitaji kwa kipimo

Mtu anayekwenda sokoni akiwa na orodha iliyoandikwa "mchele, kuku, nyanya" hurudi na vitu vingi kuliko anavyohitaji, kwa sababu kila muuzaji humwongezea neno na yeye humwongezea fungu. Andika kiasi mbele ya kila kitu:

- mchele kilo 1 na robo
- kuku 1 wa kienyeji, mwenye uzito wa kilo 1 na robo hivi akishatengenezwa
- maharage makavu robo tatu ya kilo
- nazi 1 kubwa
- viazi mviringo kilo 1
- vitunguu maji kilo 1 na nusu
- nyanya kilo 2, matango 2, karoti 3, ndimu 5
- mchicha mafungu 8 na karanga robo kilo
- vitunguu saumu 2 na kipande cha tangawizi
- bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga
- ukwaju robo kilo
- mananasi 2 na maembe 5

Kuku mmoja kwa watu 10 humshtua mtu anayesoma orodha hii kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana maharage yamo. Maharage makavu yana zaidi ya gramu 20 za protini katika kila gramu 100, kwa hiyo robo tatu ya kilo huleta mezani protini inayokaribia ile ya kuku mzima wa kienyeji, tena pamoja na nyuzinyuzi ambazo nyama haina kabisa. Kazi ya kuku katika mlo huu ni kutoa supu ya kupikia mchele na kipande kimoja kizuri kwa kila sahani. Mwambie anayemkata atoe vipande 12, ambavyo vinatosha watu wote na kubakiza viwili. Firigisi siihesabu, kwa kuwa suala la nani anakula firigisi lina wenyewe katika kila nyumba, na mwongozo wa mapishi hauna uwezo wa kulimaliza.

Hatua ya 2: Nunua kwa zamu

Mchele, maharage, karanga, viungo na ukwaju havioni shida kukaa kabatini, hivyo vinunuliwe katikati ya Desemba kabla soko halijachangamka. Kuku wa kienyeji ni bora anunuliwe akiwa hai wiki moja kabla, afungwe kamba mguuni na kulishwa pumba na mabaki ya jikoni, kwa sababu siku mbili za mwisho wauzaji wanajua kwamba hutarudi nyumbani bila kuku. Vitunguu na viazi vinunuliwe siku tano au sita kabla. Nyanya zinunuliwe siku tatu kabla zikiwa bado ngumu, na zipangwe sehemu yenye hewa, bila kurundikwa kwenye mfuko wa plastiki. Mchicha hununuliwa asubuhi ya siku yenyewe; mvua za vuli huufanya uwe mwingi na laini mwezi huu, na mafungu 8 yanayoonekana kujaza kapu yatasinyaa na kutoshea katika sufuria ya wastani.

Matunda ndiyo zawadi ya Desemba. Huu ni msimu wa maembe, na mananasi ya Kiwangwa, Bagamoyo, yanakuwa barabarani na sokoni kwa wingi, jambo linaloifanya keki ya dukani iwe ni gharama isiyo na sababu. Chagua nanasi kwa kunusa sehemu ya chini ya tunda, na si kwa kuangalia rangi peke yake.

Kuhusu mchele, muulize muuzaji kama ni mpya au ni wa msimu uliopita, kwa maana jibu lake litaamua kiasi cha maji. Mchele mpya wa Kyela unanukia vizuri sana, ila hunywa maji kidogo na hugandamana upesi, ilhali mchele uliokaa hunywa maji zaidi na punje zake huachana. Kwa pilau napendelea uliokaa.

Hatua ya 3: Pima chumvi, mafuta na sukari asubuhi

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Asubuhi ya Krismasi, kabla moto haujawashwa, chukua vikombe vitatu. Katika kikombe cha kwanza weka vijiko 5 vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa kwa kisu; katika cha pili vijiko 10 vya chakula vya mafuta; na katika cha tatu vijiko 10 vya chakula vya sukari. Hicho ndicho kiasi cha siku nzima ya mapishi, na chupa na mifuko irudishwe kabatini.

Hesabu yake ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Vijiko 5 vikigawanywa kwa watu 10, kila mmoja anapata nusu kijiko, ambayo ni nusu ya kiwango cha siku, na inabaki nafasi ya mkate wa asubuhi na chochote kitakachotafunwa mchana. Gawa chumvi hiyo hivi: vijiko viwili na nusu kwa pilau, nusu kijiko wakati wa kumchemsha kuku, kimoja kwa maharage, nusu kwa mchicha na nusu kwa kachumbari. Vidonge vya supu na unga wa kukolezea mchuzi viache kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha yake ni chumvi, na ukivitia hesabu yote inaharibika.

Mafuta vijiko 10 kwa watu 10 ni kijiko kimoja kwa kila mtu: vijiko 7 vya pilau, 2 vya kuungia maharage na 1 cha mchicha.

Hatua ya 4: Maharage yaanze jana yake

Chambua maharage jioni ya tarehe 24, yaoshe na kuyaloweka katika maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, na uyachemshe kwa moto mkali kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana kemikali ya asili inayoumiza tumbo na ambayo moto mdogo pekee hauiondoi. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, na anayenunua mkaa kwa kopo anajua maana ya hilo.

Kuna nazi na nazi. Kuna tui la kwanza, lile zito linalotoka machicha yakikamuliwa kwa maji kidogo ya vuguvugu, na kuna tui la pili na la tatu, jepesi. Nazi moja kwa sufuria hii inatosha ukifuata utaratibu wa zamani: kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa vijiko viwili vya mafuta, tia karoti na maharage yaliyoiva, mimina tui jepesi na uliache lichemke na maharage mpaka lipungue, kisha dakika tano za mwisho ndipo utie tui zito huku ukikoroga taratibu bila kuacha, ili tui lisikatike. Tui zito likitiwa mapema, utamu wake unapotea na mpishi anajikuta akitafuta nazi ya pili.

Hatua ya 5: Kuku na supu yake

Kazi ya ubao wa kukatia ipangwe kabla ya kumgusa kuku. Kata kwanza mboga na matunda yanayoliwa mabichi, uyafunike, ndipo umlete kuku. Au tumia ubao na kisu kingine. Damu na maji ya kuku mbichi yakigusa kachumbari hayana moto wa kuyasafisha, kwa kuwa kachumbari haipikwi.

Saa 8 mchana weka kuku jikoni pamoja na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, ndimu moja, nusu kijiko cha chumvi na maji ya kumfunika na kuzidi kidogo. Kuku wa kienyeji anahitaji saa moja hadi saa moja na nusu. Jogoo mzee anaweza kukuweka zaidi. Anayetumia kuku wa kisasa, ambaye huiva kwa nusu saa tu, amvue ngozi kwanza, kwa kuwa mafuta mengi yako chini yake. Akiiva, toa vipande, pima supu, na kama kuna mafuta yaliyoelea juu yaenguliwe kwa upawa.

Hatua ya 6: Pilau

Loweka mchele kwa dakika 20 baada ya kuupepeta na kuuosha, kisha uchuje. Twanga kwenye kinu bizari nyembamba vijiko viwili vya chakula, iliki punje 12, karafuu 8 na pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Mdalasini vijiti viwili viachwe vizima. Viungo vya unga vilivyokaa dukani miezi mingi vimekwisha kupoteza harufu, na mpishi anayevitumia hulazimika kuifidia ladha kwa mafuta na chumvi, ndipo gharama na madhara vinapoingia kwa pamoja.

Sasa kitunguu, na hapa naomba usiwe na haraka. Kata vitunguu sita vyembamba vya upana unaolingana, kwa sababu vipande vinene na vyembamba vikichanganyika, vingine vitaungua vingine vikiwa bado vyeupe. Pasha vijiko 7 vya mafuta katika sufuria nzito, tia vitunguu na koroga kwa moto wa wastani. Dakika tano za mwanzo vitatoa maji na kulainika. Baadaye vitaanza kushika chini ya sufuria na kuacha rangi. Hapo ndipo wengi huongeza mafuta. Usiongeze. Nyunyiza kijiko kimoja cha maji, kwangua kwa mwiko ile rangi ya chini irudi kwenye vitunguu, uache vikauke tena, na urudie hivyo mara tatu au nne. Mwishowe utakuwa na rojo la kahawia iliyoiva, linalong'aa na lenye utamu wake, na rangi hiyo ndiyo itakayoupaka mchele. Mwaka mmoja shangazi yangu, ambaye ana kisukari, alionja tonge la kwanza akaweka mkono chini. "Mwanangu, haya mafuta yote kwa hali yangu hii?" Nilimwonyesha kikombe: "Shangazi, ni vijiko saba kwa sufuria nzima." Aliendelea kula, ingawa sidhani kama aliniamini.

Vitunguu vikishafika hapo, tia kitunguu saumu na tangawizi, halafu viungo, ukoroge kwa dakika moja tu kwani bizari huungua haraka na kuwa chungu. Tia viazi vilivyokatwa na vipande vya kuku, geuza mpaka vishike rangi, kisha mimina supu. Kipimo ni kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe cha mchele, na kwa mchele mpya kipungue kidogo. Supu isipotosha, ongeza maji. Tia chumvi, onja supu ikiwa inachemka, na iwe imekolea kidogo kuliko unavyotaka pilau iwe, kwa maana mchele utaifyonza. Ndipo utie mchele, ukoroge mara moja, ufunike.

Supu ikikaribia kukauka na matundu madogo yakionekana juu ya mchele, geuza mara moja kutoka chini, punguza mkaa mpaka yabaki makaa machache, na palia mengine juu ya mfuniko. Mwenye jiko la gesi apunguze moto hadi mwisho na kuweka kitambaa safi kati ya sufuria na mfuniko, pembe zake zikiwa zimekunjwa juu mbali na moto. Dakika 20 bila kufunua. Kila anayefunua "kuangalia tu" anautoa mvuke uliokuwa unaivisha punje za juu.

Hatua ya 7: Mengine yafanywe pilau ikiwa imepaliwa

Mchicha: chambua, osha mara tatu hadi mchanga uishe, katakata. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia mchicha bila maji, na ukishanywea tia karanga zilizotwangwa na kuchanganywa na maji kidogo. Dakika tano zinatosha. Mchicha uliopikwa hadi ukawa mweusi umepoteza vitamini C yake nyingi.

Kachumbari: vitunguu viwili vilivyooshwa kwa chumvi na kukamuliwa ili ukali upungue, nyanya, matango, ndimu, na pilipili iwekwe pembeni kwa sababu ya watoto. Chumvi ile ya kuoshea itoke kwenye kile kikombe.

Juisi hutengenezwa mapema. Chemsha ukwaju, chuja, ongeza maji ya kunywa hadi upate lita 4, tia ile sukari ya vijiko 10 na tangawizi kidogo, weka kwenye friji. Glasi moja ya robo lita itakuwa na gramu 8 hivi za sukari uliyotia. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35, na fedha ya kreti moja inabaki mfukoni.

Hatua ya 8: Kupakua

Usiweke sufuria mezani. Chakula kikikaa mbele ya watu, kila mtu hujipakulia pilau kwanza na mboga hukosa nafasi. Pakua jikoni: nusu ya sahani iwe mchicha na kachumbari, robo iwe pilau, robo iwe maharage na kipande cha kuku. Wanaokula kwenye sinia wapange vivyo hivyo kwa duara, mboga zikiwa mbele ya kila mlaji. Wenye kisukari waanze na mchicha na maharage, kwani husaidia sukari ya damu isipande kwa kasi, na hawahitaji kupikiwa chakula chao cha peke yao; jambo hilo mara nyingi huwaudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Maembe na mananasi yaliyokatwa yaletwe baada ya mazungumzo kidogo, watu wakiwa wameshajua kama kweli bado wana njaa.

Hatua ya 9: Kiporo

Kiporo cha pilau na chai ya rangi asubuhi ya tarehe 26 ni nusu ya raha ya sikukuu, lakini pilau ina hatari yake. Krismasi moja niliiacha ndani ya sufuria usiku kucha, nikaamini kwamba mfuniko unatosha. Asubuhi ilikuwa imechacha katikati ingawa juu ilionekana nzima, na watoto wawili waliowahi kujipakulia walishinda chooni. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, na wali unaobaki vuguvugu kwa muda mrefu ndio mahali wanapozaliana, tena sumu ya baadhi yao haiondoki hata ukipasha tena.

Kwa hiyo kinachobaki kishughulikiwe ndani ya saa 2 tangu kiepuliwe. Tandaza pilau kwenye sinia pana ipoe haraka, kisha iingie kwenye friji katika mabakuli madogo yenye mifuniko. Maharage ya nazi nayo vivyo hivyo, kwani tui huchacha upesi. Asiye na friji apakue sahani zilizobaki usiku uleule na kuwatuma watoto kwa majirani, wawaambie waile jioni hiyohiyo. Asubuhi pasha kiasi kitakacholiwa tu, kwa kunyunyiza maji kidogo na kufunika, mpaka mvuke utoke katikati ya sufuria, na kilichokwisha kupashwa mara moja kisirudishwe kwenye friji. Ukoko hauna haja ya mpango wowote, maana watoto watakuwa wameshaukwangua kabla sufuria haijafika kwenye karo.